Ujasusi wa vita uliofanyika hapa kwetu mbona hamuuandiki?

Ndugu Mhariri,

Salaam kwako na kwa wote mnaohangaika kututolea gazeti. Mimi ni msomaji wa zile makala zenu za ujasusi na operesheni za kijeshi, zile za mashushushu wa vita ya pili ya dunia, makomando wanaoshushwa kwa miavuli usiku, Waisraeli walivyovamia Entebbe 1976 na nyingine nyingi, nazisoma zote na gazeti likifika huku kwetu Rufiji linapita mikononi mwa watu mpaka linachanika. Nawashukuru kwa hilo. Ila kuna kitu kinaniuma na leo nimeona nikiandike, miaka yote hii sijawahi kuona mmeandika hata ukurasa mmoja kuhusu ujasusi uliofanyika hapa mtoni kwetu mwaka 1914 na 1915, wakati ile ni moja ya operesheni kubwa kabisa za upelelezi za vita ya kwanza ya dunia na ilifanyika katikati ya mikoko hii hii tunayokatia nguzo.

Naomba niieleze kidogo maana vijana wengi hawaijui, hata wa huku huku.

Kulikuwa na manowari ya Mjerumani inaitwa Königsberg, nahodha wake Max Looff, ilifika Dar es Salaam Juni 1914 vita haijaanza bado. Vita ilipoanza Agosti ikakamata meli ya mizigo ya Mwingereza, City of Winchester, upande wa pwani ya Omani, kisha ikaja kujificha kwenye delta ya Rufiji. Sasa hapa ndipo ujasusi unapoanza. Looff alikuwa na watazamaji wamepangwa pwani, kazi yao kuangalia bahari tu, na wao ndio waliomletea habari kwamba kuna manowari ya Kiingereza imeingia Zanzibar. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba akaibukia Zanzibar, akaikuta Pegasus imetulia bandarini inatengenezwa mitambo, akaipiga mpaka ikazama. Halafu mitambo yake mwenyewe nayo ikaleta matatizo, akarudi Rufiji, na vyuma vya boila vikabidi vifunguliwe vipelekwe Dar kutengenezwa kisha virudishwe, na safari hiyo ni ya nchi kavu, kwenye mchanga na tope, vinavutwa na watu. Nani walivuta? Ni watu wa huku. Hakuna kitabu kinachotaja hata mmoja kwa jina.

Waingereza wakawa wanaitafuta pwani nzima hawaioni. Kilichowasaidia ni karatasi. Oktoba walipekua meli moja ya Kijerumani iliyokuwa Lindi, Präsident, ambayo ilikuwa inajifanya meli ya hospitali, wakakuta maandishi yanayoonyesha makaa ya mawe yamepelekwa Salale. Salale ni hapa hapa delta. Manowari ya Chatham ikaja mdomoni mwa mto, wakashusha watu ufukweni wakawauliza wenyeji, na tarehe 30 Oktoba wakaziona nguzo za meli juu ya mikoko. Wamejificha kweli lakini wameonekana.

Kuonekana na kupigwa ni vitu viwili tofauti. Manowari kubwa za Kiingereza haziwezi kuingia humu, kina hakitoshi, na mtu asiyejua mikondo ya delta hii hata leo na GPS mkononi anakwama kwenye tope anasubiri maji yajae. Novemba wakazamisha meli nzima ya makaa, Newbridge, kwenye mkondo mmoja ili wamfungie Mjerumani ndani. Lakini mikondo ni mingi. Wakaleta ndege kutoka Durban, rubani wake Cutler akaangukia mikononi mwa Wajerumani Desemba. Januari 1915 wakaichukua Mafia wakaifanya kituo. Na bado meli iko ndani, wao wako nje, miezi inakatika.

Ndipo wakamleta Pretorius. Huyu Pieter Pretorius alikuwa Kaburu, mwindaji wa tembo, aliyeishi huku zamani na Wajerumani walimnyang'anya shamba lake, kwa hiyo alikuwa na kinyongo nao. Admirali King-Hall wa Waingereza akamtafuta mpaka akampata, akamweka Mafia, na kutoka huko akawa anavuka usiku kuingia delta. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kujua meli iko wapi hasa na ina hali gani. Ya pili, ambayo mimi naona ndiyo kubwa kuliko zote, ilikuwa kupima maji. Usiku, ndani ya mtumbwi, kwa mti tu, mkondo kwa mkondo, kujua kina maji yakijaa na kina maji yakipwa, bamvua, yaani maji yakijaa sana na kupwa sana, linakuwaje na maji mafu, yanayojaa kidogo, yanakuwaje, mpaka wapate njia ambayo meli yenye kina kifupi inaweza kupita. Huku askari wa Mjerumani wamechimba mahandaki kingo zote na wana bunduki za rashasha. Kosa moja umekwisha.

Sasa nikuulize Mhariri, hivi unadhani mzungu mmoja, hata awe hodari vipi, hata ajivalishe kanzu ajifanye mfanyabiashara Mwarabu kama alivyofanya, anaweza kupima mikondo ya Rufiji gizani peke yake? Haiwezekani. Mimi nimezaliwa humu na kuna mikondo siingii bila mtu wa mkondo ule. Alikuwa na wenyeji. Wao ndio waliokuwa wanapiga kasia, wanajua wapi pa kujificha kukipambazuka, wanajua kijiji kipi kina askari. Na simulizi yake mwenyewe inasema habari za ndani ya meli, mizinga iko mingapi inayofanya kazi na torpido zimehamishiwa wapi, alizipata kwa kijana wa ukoo wa jumbe mmoja aliyekuwa amechukuliwa kuchochea moto melini. Jumbe alikwenda na Pretorius kama watu wanaopeleka kuku kuuza.

Yule kijana simtoi kichwani. Yumo ndani ya meli ya Mjerumani, anachochea makaa kwenye joto lile, anajua akibainika ananyongwa, na anatoa habari. Kwenye makala zenu mtu wa namna hiyo akiwa Mfaransa au Mpolandi anapata kurasa mbili na picha. Huyu wa Rufiji hana hata jina. Pretorius alipewa DSO, nishani ya kijeshi ya Waingereza, Looff naye anatajwa kila mahali, yule kijana hatujui hata kama alibaki hai siku meli inapigwa.

Maana ilipigwa. Waingereza walileta meli mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, zilivutwa kutoka Malta mpaka huku, na tarehe 6 Julai 1915 zikaingia kwa njia zile zilizopimwa. Siku ya kwanza walishindwa, Wajerumani walikuwa na watu wamejificha mikokoni wanaangalia risasi zinadondokea wapi na kutoa taarifa, Mersey ikapigwa ikafa watu. Wakarudi tarehe 11. Safari hii ndege ilikuwa juu, rubani Cull na mwenzake Arnold ambaye kazi yake kuelekeza mizinga kwa simu ya upepo, ndege yao ikapigwa, injini imezima, wanashuka, na Arnold anaendelea kutuma maelekezo huku wanaanguka, mpaka ndege ikatumbukia mtoni wakaokolewa na watu wa Mersey. Hao wawili nawavulia kofia kabisa, ushujaa ni ushujaa hata wa mtu aliyekuja kupigania himaya yake kwenye mto wa watu. Königsberg ikaungua na Looff akaamuru ilipuliwe.

Na haikuishia hapo, Wajerumani waliivua mizinga yote 10 kutoka majini wakaipeleka Dar kwa nchi kavu, ikatumika kama mizinga ya ardhini miaka iliyofuata. Mmoja uko Fort Jesus Mombasa mpaka leo, watalii wanapiga nao picha. Mwingine uko Pretoria. Na mizinga ile kutoka mtoni mpaka Dar ilivutwa na nani? Swali ni lile lile na jibu ni lile lile.

Nimekaa sana Rufiji kwa sababu ndiko kwetu, lakini nchi nzima iko hivyo hivyo. Tanga watu wanajua nyuki tu, wanajua kwamba Novemba 1914 nyuki waliwatimua Waingereza, basi, mtu hajui kwamba jeshi lililoletwa kutoka India lilikuwa na watu kama 8,000 na Wajerumani na askari wao walikuwa kama 1,000 tu, na kwamba usiku wa kuamkia mapigano von Lettow-Vorbeck mwenyewe, mkuu wa jeshi la Mjerumani, alichukua baiskeli akaingia mjini kupeleleza, akaukuta uko mtupu. Wakati huo Jenerali Aitken wa Waingereza hakuwa na habari yoyote ya maana kuhusu aliyeko mbele yake, na nahodha wao alikuwa tayari ameshawapa Wajerumani taarifa kabla ya kushambulia. Waliacha bunduki na risasi kwa malaki kule ufukweni. Pale kilichowaua watu ni kukosa upelelezi, nyuki walimalizia tu.

Kigoma nako. Meli ya Liemba tumeipanda miaka mingi, tunaisifia ni ya kale, lakini kwenye vita ile ilikuwa meli ya kivita, Graf von Götzen, ilitengenezwa Ujerumani ikavunjwavunjwa ikaletwa kwenye makasha, ikapanda treni Dar mpaka Kigoma ikaunganishwa huko. Ili kuwapokonya Wajerumani ziwa, Waingereza 1915 walisafirisha boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, kutoka Uingereza mpaka Cape Town, zikapanda treni mpaka Fungurume Kongo, halafu zikavutwa kwenye milima ya Mitumba kwa matrekta ya mvuke na ng'ombe, njia hakuna, inakatwa, madaraja yanajengwa zaidi ya mia. Kamanda alikuwa Spicer-Simson. Matrekta yale yalikuwa yanakunywa maji sana na kule ukame, kwa hiyo wanawake wa vijijini wa Kongo ndio waliobeba maji vichwani kutoka mbali ili injini ziende. Hii ni misheni ya siri, Wajerumani hawatakiwi kujua, na maelfu ya wenyeji wanaijua na wameibeba vichwani. Naona hapo pana stori nzima ambayo haijaandikwa, ile siri ilitunzwaje na watu wote wale.

Wajerumani nao walikuwa wanachungulia, afisa wao mmoja, Job Rosenthal, alifikia hatua ya kuogelea usiku mpaka karibu na ufuko wa upande wa Kongo kuangalia kinajengwa nini, wakamkamata. Siku ya pili ya Krismasi 1915 Mimi na Toutou zikaiteka meli ya Kijerumani Kingani, Februari 1916 wakaizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann. Götzen yenyewe Wajerumani waliizamisha kwa mikono yao Julai 1916 baada ya kuipaka grisi mitambo yote, wakijua ipo siku itafufuliwa, na ikafufuliwa kweli, 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba.

Za Lindi ndiyo kabisa hazisemwi, kwamba Machi 1916 meli ya Kijerumani Marie ilipenya katikati ya doria za Waingereza ikashusha silaha Sudi, na zikabebwa vichwani kwenda kaskazini. Au lile puto kubwa la Zeppelin, L59, lililoruka kutoka Bulgaria Novemba 1917 na tani kama 15 za mizigo kwa ajili ya Lettow-Vorbeck, likafika Sudan, likaitwa kwa simu ya upepo lirudi, likarudi, siku nne angani bila kutua.

Sasa kuna jambo moja nataka niliseme kwa ukali kidogo, mnisamehe. Mkiamua kuziandika hizi, msichukue kila kitu mlichokuta kwenye intaneti mkakibandika. Mkuu wa upelelezi wa Waingereza huku alikuwa Richard Meinertzhagen, na stori zake zimezagaa kila mahali, eti maajenti wake Waafrika walikuwa wanaokota karatasi kwenye vyoo vya maafisa wa Kijerumani, maana karatasi za chooni ziliwaishia wakawa wanatumia barua na amri za kijeshi, na kwamba kulikuwa na Mwarabu mmoja jasusi hodari wa Wajerumani, yeye akamwandikia barua ya asante akaweka na rupia ndani, akahakikisha inaangukia kwa Wajerumani, nao wakamuua mtu wao wenyewe. Ni stori tamu. Tatizo zimetoka kwenye shajara zake mwenyewe, na wanahistoria wamegundua sehemu za shajara zile zimetungwa au kuongezwa baadaye, na mtu huyo huyo alikutwa ameiba ndege waliokaushwa wa makumbusho na kudanganya walikopatikana. Mtu anayedanganya kuhusu ndege aliyekufa mimi simuamini kirahisi kuhusu mtu aliyekufa. Huenda ya vyooni ilitokea kweli, lakini semeni ni yeye anadai. Na hata hapo angalieni, yeye anajisifu kwa akili yake, aliyeingiza mkono chooni na aliyeuawa kwa barua ile hawana majina.

Mjini Dar pale katikati kuna ile sanamu ya askari, tunapita kila siku tumeshazoea. Iliwekwa 1927 na Waingereza. Nendeni mkasome maandishi yake, yapo na ya Kiswahili. Yanawataja wapagazi kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi, na yanasema ukipigania nchi yako hata ukifa watoto wako watakumbuka jina lako. Zungukeni sanamu yote mtafute jina moja. Wapagazi waliochukuliwa na Waingereza peke yao wanakadiriwa kufika milioni, na waliokufa ni zaidi ya 90,000, wengi sio kwa risasi bali kwa kuhara, malaria na njaa. Upande wa Mjerumani hesabu hata haikuwekwa vizuri. Babu yake mama yangu alichukuliwa akiwa shambani, akabebeshwa mzigo kwenda kusini, hakurudi, mpaka leo ukoo wetu hatujui amezikwa wapi, na hatujui hata alibebea upande gani. Watoto wamekumbuka jina, ila hakuna mahali limeandikwa.

Najua mtaniambia wasomaji wanapenda za Ulaya kwa sababu zina ushahidi, zina picha, majalada yamefunguliwa. Ni kweli kazi ni nyepesi zaidi. Lakini majalada ya vita hii nayo yapo, yapo Dar kwenye Nyaraka za Taifa, yapo Nairobi, yapo London na Berlin, na mna waandishi vijana wanaojua kutumia mtandao kuliko mimi. Na kuna hazina nyingine ambayo haipo kwenye jalada lolote. Wazee waliosimuliwa na baba zao waliokuwa humo bado wako wachache, mtu wa miaka 85 leo baba yake anaweza kuwa alibeba kasha la risasi. Nyamisati wapo, Msala wapo, Mafia wapo, Sudi wapo, Kigoma na Kalemie ya Kongo wapo. Wana nyimbo, wana majina ya ukoo, wanajua pale palikuwa na kambi, pale alinyongwa mtu kwa kusingiziwa jasusi. Kila msiba mmoja wa mzee huku ni hayo yote yameondoka.

Kwa hiyo ombi langu ni hili, tena ni dogo. Zile kurasa za ujasusi msizifute, sisi tunazipenda, ila angalau makala moja kila mwezi iwe ya ukanda huu, na chini yake muweke nafasi ya wasomaji kuleta majina. Jina la mtu, kijiji, alichukuliwa upande gani, alifanya nini, nani amesimulia. Kisicho na uhakika muandike ni simulizi ya ukoo, msichanganye na cha kwenye majalada. Mkianza na Rufiji mimi nipo, nitawapeleka Salale kwa boti, mje wakati wa bamvua ili tusikwame, na wazee wa kuongea nao nitakuwa nimeshawaandaa, wawili kati yao wanaumwa kwa hiyo naomba isipite masika.

Jina la kuanzia nitawaletea mimi mwenyewe, la babu yetu.

Msomaji wenu,
Rufiji, Pwani